Zamu Yangu Mlangoni

Kamati ya wanafunzi wa zamani iliponiomba niandike historia ya shule yetu, walisema wamenichagua kwa sababu nina kumbukumbu nzuri. Ninayo kweli. Niliandika jinsi masista watatu wa kwanza walivyoshuka treni iliyotoka kusini, wakiwa na sanduku la nyuzi na kinanda kilichovunjika mguu njiani. Niliandika jinsi walivyofundisha kushona na katekisimu chini ya bati, wanafunzi wao wakiwa mabinti wa watu wa migodi na reli, mpaka wakajenga madarasa ya matofali, bweni, kanisa dogo na hatimaye kozi ya kufundishia walimu. Kamati ilinisifu mpaka nikaanza kujiona mtu.

Katika kijitabu hicho kuna sentensi moja ambayo hakuna aliyeniuliza habari zake. Inasema hivi: katika miaka ya Katanga kujitenga, baadhi ya wanafunzi walirudi Kasai pamoja na wazazi wao. Nilihangaika na sentensi hiyo wiki nzima, nikiipiga pasi kama kola ya shati. Msichana ninayemfikiria hakuwahi kukanyaga Kasai. Alizaliwa hapa hapa Elisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa wakati ule, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Niliandika kwamba walirudi, kwa sababu ningeandika kilichotokea, ningelazimika kusema mimi nilikuwa wapi.

Nilikuwa mlangoni. Kwenye kijitabu nilishindwa kulisema, kwa hiyo nalisema hapa.

Masista wetu hawakupenda kelele. Kumwita mtu kwa kupaza sauti kwenye ukumbi mrefu wa nyumba yao ulikuwa utovu wa adabu, na wewe mwanafunzi ukithubutu, ulipiga magoti mpaka saa ya chakula. Kila sista alikuwa na mapigo yake ya kengele. Kengele ilining'inia karibu na mlango mkubwa, na kila wiki msichana mmoja wa darasa la mwisho alishika zamu: anakaa kwenye kigoda, anafungua mlango, anamkaribisha mgeni kwenye benchi, anauliza amekuja kumwona nani, kisha anavuta kamba. Masista wote tuliwaita Mamere, na mkuu wao tulimwita Mamere Mkubwa. Yeye aliitwa kwa mapigo mawili, kimya kidogo, kisha mawili tena. Wa jikoni matatu. Wa kushona matatu na moja. Mwezi wa kwanza wa darasa la mwisho, tulipohamia bwenini, tuliyakariri mapigo hayo yote kama majedwali ya kuzidisha, na aliyekosea aliyarudia mbele ya wote.

Mapigo manne, kisha moja, yalikuwa ya Mamere Mzee, wa mwisho wa wale watatu waliokuja na kinanda. Alifariki mvua zilipokuwa zikiisha, akazikwa nyuma ya kanisa dogo, darasa letu lote, na msichana yule akiwemo, likiimba. Masista walikuwa na desturi yao: mmoja akifa, mapigo yake hupumzika mwaka mzima, kisha hupewa sista mgeni. Mwaka huo hakuna aliyeyagusa. Tulikuwa na watukutu wetu, wapo waliokula hostia ambazo hazijabarikiwa wakazisifu kwa utamu, lakini hata hao wasingecheza na mapigo ya marehemu.

Msichana niliyekaa naye benchi moja alikuwa wa kwanza darasani. Mimi nilikuwa wa pili, kila muhula, kana kwamba nafasi hiyo imeandikwa jina langu. Alikuwa wa mkono wa kushoto, na masista walipomlazimisha kuandika kwa wa kulia, alijifunza kuandika kwa yote miwili, akawa anafanya hesabu kwa huu na kuninakilia imla kwa ule. Wakati wa katekisimu alitafuna karanga bila kutikisa shavu. Baba yake alikuwa karani, mtu wa Kasai mwenye kalamu mbili mfukoni. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, mtu wa kaskazini mwa Katanga. Mama zetu walizungumza uani, kila mmoja kwa Kiluba cha kwao, wakaelewana na kucheka. Mimi nilimwita mama yake mama, naye vivyo hivyo kwa wangu.

Wa kwanza kwenye mtihani wa mwisho angepewa kazi ya kufundisha kwenye shule ya msingi ya masista. Kazi ilikuwa moja tu. Mamere Mkubwa alitutangazia mwanzoni mwa mwaka, na darasa zima likamgeukia rafiki yangu kama vile barua ameshakabidhiwa. Nami niligeuka, nikatabasamu. Tabasamu lile nalionea haya mpaka leo, kwa sababu lilikuwa la meno tu.

Jimbo letu la Katanga lilipojitenga na nchi tuliimba, tukapunga bendera mpya uwanjani, kwa kuwa watoto wa shule ndiyo kazi yao popote pale. Baadaye mambo yaligeuka. Watu wa Kasai, waliokuwa makarani na wafanyabiashara na walimu wetu, wakaanza kuitwa wageni. Mawe yalianguka juu ya mabati yao. Karani mwenye kalamu mbili alifukuzwa kazi, kisha akafukuzwa nyumbani, akaenda na familia yake kwenye kambi ya mahema nje ya mji, chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, wale wa kofia za bluu. Sisi wa kaskazini hatukuwa salama pia. Ndugu zetu kule juu walikuwa wakipigana na serikali ya Katanga, na lugha yetu ilifanana na ya watu wa Kasai. Baba alitukalisha mezani.

"Kuanzia leo, mu hii nyumba, Kiluba hapana," alisema. "Swahili tu. Na ule mutoto wa Kasai, asikuye tena hapa. Munasikia?"

"Eeh, papa."

Mama alisimama akaenda jikoni, akagongagonga masufuria bila sababu.

Benchini nikabaki peke yangu. Nitasema ukweli wote, kwa kuwa nusu yake nimeshaiandika kitabuni: nilimlilia, nikamwombea, na muhula huo nikawa wa kwanza. Niliipeleka ripoti nyumbani nikiwa nimeikumbatia. Baba aliisoma mara mbili, akanipa mkono kama mtu mzima. Moyoni nilikuwa na huzuni na furaha vikiwa vimekaa kiti kimoja, na sikujisumbua kukiinua hata kimoja.

Majuma machache kabla ya mtihani, Mamere Mkubwa aliingia kwenye chumba cha kulia, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye Kiswahili cha barabarani alichojifunza kwa wapishi.

"Batoto yangu, munisikilize," alisema. "Binti yote wa hii masomo akifika ku mulango, munipigie kengele. Ata niko mu misa, nitatoka. Atalala hapa, atakula hapa, atafanya mutihani. Askari hawezi kuingia mu nyumba ya masista."

Hakutaja mtu wala kabila. Sote tulijua anamkusudia nani.

Mtihani ulikuwa Alhamisi. Jumanne ya wiki hiyo nilikuwa na zamu ya mlango. Ulikuwa msimu wa baridi, ule wa asubuhi za kupasha mikono joto kwa pumzi na mchana wa vumbi jekundu. Mlango ulibishwa, nikafungua, nikamkuta yeye.

Alikuwa amekonda. Miguu ilikuwa myekundu kwa vumbi mpaka magotini, na alivaa koti la baba yake, lile la ofisini, juu ya kikwembe. Nywele alikuwa amezifunga vizuri. Mkononi alishika kalamu moja tu. Alikuwa ametembea kutoka kambini, njia nzima, peke yake, katika mji ambao mtu angeweza kupigwa kwa sababu ya jina lake.

"Jambo yako, ndugu yangu," alisema.

"Jambo. Ulikuya na nani?"

"Miye moya. Mamere Mukubwa iko?"

"Iko."

Neno lilinitoka kabla sijafikiri. Lingekuwa limechelewa kidogo, ningesema hayuko, na leo ningekuwa na aibu ya uongo wa kawaida kama watu wengine.

"Treni ya Kasai inatoka kesho," alisema. "Papa anasema tuende bote. Lakini nikipata fasi ya kulala hapa mpaka mutihani, ananiacha. Alisema vile. Unipigie kengele, ndugu."

Aliingia akaketi kwenye benchi la wageni, akaanza kujifuta vumbi miguuni kwa pindo la koti, kama mtu anayejiandaa kuonana na mkubwa.

Miaka mingi nimejitetea kwa woga. Woga ulikuwepo: niliona sura ya baba, niliona mtu fulani jirani akisema kwamba binti wa fundi wa reli anawaficha watu wa Kasai. Lakini Mamere Mkubwa ndiye angemficha, si mimi. Kazi yangu ilikuwa kuvuta kamba. Siyo woga ulioushika mkono wangu. Nilikuwa nimeshajiona nimesimama mbele ya watoto wa shule ya msingi na chaki mkononi, na yeye amekuja na kalamu yake moja kuniondoa pale.

Nikashika kamba. Nikapiga manne. Kisha moja.

Nilidhani amesahau. Hilo ndilo linaniumiza zaidi ya yote. Nilidhani miezi ya kulala hemani imemfuta kichwani mambo ya shule, kwamba mtu akishakuwa mkimbizi kengele zote kwake ni kengele. Yeye, aliyeyakariri mapigo kabla yetu sote! Yeye ndiye aliyenifundisha, akiyagonga kwa kifundo cha kidole mgongoni mwangu usiku bwenini, mpaka nikayashika.

Mkono wake ulisimama juu ya goti. Aliitazama kengele, ambayo ilikuwa bado inatikisika, kisha akanitazama mimi. Mimi nilitazama vigae vya sakafu. Naweza kukuchorea vigae vile hadi leo.

"Bon," alisema. "Nitangoya kidogo."

Akangoja. Hakugeuza macho kule ukumbini ambako sista angetokea, kwa sababu alijua hakuna atakayetokea. Alinitazama mimi, bila hasira, kama alivyonitazama nilipokwama kwenye sehemu za hesabu, akinipa muda nilione kosa mwenyewe. Kamba ilikuwa pale, inagusa bega langu. Ningeivuta upya, mawili, kimya, mawili, nikasema mkono ulikosea, naye angecheka na tungelala bweni moja usiku ule. Robo saa nzima. Nilisikia masufuria ya jikoni, nikasikia darasa la chini likiimba herufi za irabu. Sikuinua mkono.

Alisimama, akafunga vifungo vya koti.

"Basi, niende. Mama atasikia woga. Unisalimie mama ku nyumba."

"Atasikia," nikasema.

Nilimfungulia mlango, nikaufunga nyuma yake taratibu bila kugonga, kama tulivyofundishwa.

Jioni Mamere wa kushona, aliyekuwa na sikio moja tu zima, aliuliza nani amepiga mapigo ya marehemu. Mamere Mkubwa aliniita. Nilisema nilichanganya hesabu. Alikasirika, akanipeleka kaburini kwa Mamere Mzee nikasali rozari nzima kumwomba radhi. Nilisali, huku nikirudia kichwani tarehe za wafalme wa Wabelgiji kwa ajili ya mtihani. Jumamosi nikaungama kwa padri kwamba nimesema uongo mara moja. Alinipa Salamu Maria tatu. Nilitoka kanisani nikiwa mwepesi, Mungu anisamehe, mwepesi kabisa.

Lakini kabla ya Jumamosi kulikuwa na Alhamisi. Asubuhi ya mtihani Mamere Mkubwa aligawa karatasi yeye mwenyewe. Alipofika kwenye benchi letu aliweka moja mbele yangu, na moja mbele ya nafasi iliyo wazi, ameigeuza kifudifudi, na penseli juu yake.

"Kuko mutu iko na habari yake?" aliuliza darasa.

Mimi nilikuwa nikichonga penseli yangu. Karatasi ile ilikaa pembeni mwa kiwiko changu mpaka saa sita, nami nikiandika, nikiisogeza kidogo kila inapogusana na yangu.

Nilikuwa wa kwanza. Nilipewa kazi. Nilifundisha karibu miaka arobaini, watoto wengi wakapita mikononi mwangu, na wapo wanaosimamisha gari mtaa mzima wa Kampemba kunisalimu. Watu wananiambia nilizaliwa kuwa mwalimu. Huwa nasema aksanti.

Kijitabu kilipochapishwa, kamati iliandaa sikukuu ya shule: misa, kisha chakula ukumbini, bukari, yaani ugali wetu, na samaki na hotuba nyingi. Masista wazungu walikuwa wameshakwisha zamani, sasa wote ni masista wetu. Nilikuwa meza ya mbele, nimeshonewa kikwembe kipya cha sikukuu, nikaona mwanamke mzee akiongozwa na kijana kati ya viti. Alitumia mkono wa kushoto kushika mgongo wa kiti. Nilimtambua kabla sijauona uso.

Alikuja kunisalimu kwanza, akanikumbatia kwa nguvu. Alikuwa amekuja kumtembelea mpwa wake wa mtaa wa Hewa Bora, akasikia tangazo la sikukuu kanisani. Nilimuuliza maisha, kwa sababu ndivyo watu wanavyoulizana. Alisema kule Kasai hapakuwa na shule ya kumpokea bila cheti, na wageni waliotoka Katanga walikuwa wengi kuliko nyumba. Alishona. Alishona sare za shule za watoto wa wengine mpaka macho yakamchoka. Binti yake mmoja ni mwalimu, aliongeza, na hapo akatabasamu kweli.

Mwenyekiti wa kamati, mwanamke kijana mwenye sauti kubwa, alimwona na kumpa kipaza sauti. Bibi kutoka mbali, mwanafunzi wa zamani zile, atuambie neno! Mwenzangu alisimama. Aliushika mkono wangu, akabaki ameushika.

"Miye sikumaliza hapa," alisema. "Ilibakia siku mbili ya mutihani. Nilitoka ku kambi na miguu, nilikuya kutafuta Mamere Mukubwa, anilalishe. Huyu mama munaona, yeye alikuwa ku mulango. Alinipokea muzuri. Alinipigia kengele. Mamere hakuonekana, basi." Akanigeukia. "Si ni vile, ndugu yangu?"

Wajukuu zangu walikuwa meza ya nyuma, wamenyoosha shingo. Mwenyekiti alikuwa tayari na kalamu, kwa kuwa alitaka habari hiyo iingie kwenye toleo la pili la kijitabu. Mkono wa rafiki yangu ulikuwa na joto, wenye sugu za sindano, nao ulikuwa ukingoja. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na umri ambao mtu hana tena cha kupoteza, na bado nilitafuta kitu cha kulinda, nikakipata.

"Ni vile," nikasema.

Wakapiga makofi. Wengine walifuta macho. Yeye pia alipiga makofi, polepole, akaketi, akala samaki wake.

Sherehe ilipokwisha nilimfuata mpaka kwenye gari la mpwa wake. Nilikuwa nimejikaza, nimepanga maneno. Alikuwa ameshaketi, amefunga mkanda, kioo kimeteremshwa.

"Ndugu yangu," nilianza, "ule siku, ku mulango..."

Alinyoosha mkono nje ya dirisha, akaniwekea vizuri kilemba changu kilichokuwa kimelegea.

"Acha," alisema. "Ule siku nilikungoya. Na leo pia nilikungoya."